Relai za mashine ya pampu na jenereta: relai kuu peke yake au na ndogo pembeni, hamoniki ya tatu au 20 Hz, na CT uziweke wapi

Wakuu, habari za kazi. Hii nimewaandikia wale waliokaa na karatasi za tenda mbele yao, na vijana walioingia kwenye proteksheni juzi juzi wakaambiwa wachague relai (vifaa vinavyoona hitilafu na kuamuru breka ikate umeme) za kituo cha kupandisha maji, wakafungua kabrasha la kituo cha kawaida cha maji, wakakopi, wakabadilisha jina la kituo. Naomba msifanye hivyo, na nitaeleza kwa mapana kwa sababu hili jambo liko moyoni mwangu miaka mingi.

Chukua jenereta za Julius Nyerere pale Rufiji, tisa za megawati 235 kila moja. Zile zinazunguka upande mmoja maisha yao yote, maji yakija zinawaka, ukifunga geti zinasimama, basi. Sasa nenda Ingula, Afrika Kusini, mashine nne za megawati 333 zimekaa pangoni mpakani mwa Free State na KwaZulu-Natal. Watu wakihitaji umeme zinashusha maji ya bwawa la Bedford, umeme ukizidi kwenye gridi zinageuza mzunguko na kuyapandisha yale yale kutoka Braamhoek, karibu mita 480 za mwinuko. Drakensberg ni hivyo hivyo kwa mashine nne za megawati 250, Palmiet mbili za 200, na Dinorwig kule Wales sita za karibu 300. Stata (sehemu isiyozunguka, yenye waya za umeme mkubwa) ile ile, transfoma ile ile, saa hizi jenereta, baadaye mota, na katikati inaweza kuwa inazunguka hewani tu kusaidia volteji ya gridi, hali tunayoiita kondensa. Kila hali ina ugonjwa wake na relai lazima ijue iko kwenye hali gani.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usome ukijua naelekea wapi. Mashine ikiwa imetulia kwenye 50 Hz, karibu kila relai ya kisasa ya jenereta itailinda vizuri, utofauti ni mdogo na usikusumbue. Utofauti wa kweli uko kwenye zile dakika chache za kuanzisha pampu na za kufunga breki. Kwa hiyo kila chaguo hapa chini nimelipima kwa swali moja: mashine ikiwa 5 Hz, yaani bado inazunguka polepole kwa moja ya kumi ya mwendo wake, hiki kifaa kinaona nini?

Tuelewane kwanza kuhusu 5 Hz

Pampu ya ukubwa huu huiungi kwenye gridi ikiwa imesimama. Njia inayotumika sana ni konveta ya kuanzishia, wengi tunaiita SFC, inalisha stata kuanzia karibu sifuri inapandisha polepole kwa dakika chache mpaka 50, na wakati huo maji yamesukumwa nje ya tabaini kwa hewa ya kompresa ili rota izunguke kirahisi, halafu inasinkronaizi, yaani inalinganishwa na gridi, na breka inafungwa. Njia ya pili ni mgongo kwa mgongo, mashine moja inakuwa jenereta, inaungwa kwenye basibaa ya kuanzishia na mwenzake anayetaka kuwa pampu, zote mbili zinapewa eksaitesheni (umeme wa rota unaotengeneza sumaku) zikiwa zimesimama, geti la yule jenereta linafunguliwa kidogo kidogo na zinapanda pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Kwa njia zote mbili stata inapita frikwensi zote toka sifuri, na volteji inapanda sambamba na frikwensi.

Sasa kuna maneno nimeyasikia mara nyingi sana hata kwa mainjinia wazoefu, kwamba wakati wa kuanzisha volteji ni ndogo kwa hiyo hata shoti ikitokea haina madhara. Sio kweli, na ukipiga hesabu unaona mwenyewe. Mkondo wa shoti ni volteji ya ndani ya mashine ukigawa kwa riaktansi yake, yaani upinzani wa koili unaopanda na kushuka na frikwensi. Ukiwa 5 Hz volteji imeshuka hadi moja ya kumi, lakini riaktansi nayo imeshuka hadi moja ya kumi, kwa hiyo jibu linabaki karibu pale pale. Kama riaktansi ya mwanzo ni asilimia 20, shoti kwenye 50 Hz inakupa mara tano ya mkondo wa kawaida, na kwenye 5 Hz kwa eksaitesheni ile ile inakupa karibu mara tano vilevile. Mpaka ushuke chini kabisa huko karibu na 1 Hz ndio ukinzani wa waya unaanza kuupunguza. Yaani mashine unayoiona kama imelala ina uwezo wa kuunguza kopa yake kama kawaida.

Halafu CT, ile transfoma ndogo inayopima mkondo na kuupeleka kwenye relai. Kiini cha chuma cha CT kinashiba kwa uwiano wa volteji na frikwensi, kwa hiyo mkondo ule ule kwenye 5 Hz unakijaza mara kumi zaidi kuliko kwenye 50. CT uliyoinunua kwa kujivunia kwamba inabeba mara 20 ya mkondo wake kabla ya kushiba, kwenye 5 Hz ni CT ya mara mbili tu. Mkondo wa kuanzishia wenyewe ni mdogo kwa hiyo hali ya kawaida hutaona shida yoyote, lakini shoti ya mara tano ikija CT imeshashiba, na kinachofika kwenye relai ni vipande vya wimbi tu.

Na athi nayo, yaani waya wa stata kugusana na chuma cha mashine; tunaiona kwa volteji inayotokea kwenye nyutro, pale waya za fezi tatu zinapokutana. Relai ya volteji ya nyutro iliyosetiwa asilimia 5 inalinda asilimia 95 ya waya wa stata kwenye 50 Hz, ndio maana tunaiita ya 95. Kwenye 5 Hz volteji yote ya fezi ni asilimia 10, kwa hiyo seti ile ile ya asilimia 5 inaona nusu ya juu tu ya waya. Nusu ya chini iko wazi. Na hapo nimekubali kwamba relai inasoma 5 Hz vizuri, maana zile zenye filta ya 50 Hz hazioni hata hiyo nusu.

Kuanzisha pampu: relai kuu peke yake, au na relai ndogo pembeni?

Chaguo la kwanza ni kuiachia relai kuu ya jenereta kazi yote. Relai za kidijitali zinaifuata frikwensi ya mashine, lakini zina mipaka. 7UM62 ya Siemens kwa mfano, ambayo imejaa kwenye vituo vingi, inafuata kati ya 11 na 69 Hz. Chini ya hapo sehemu kubwa ya kazi zake zinasimama na zinabaki chache zilizotengenezwa maalum kwa ajili ya kuanzisha. Kwa hiyo ukisoma brosha imeandikwa kazi 30 za ulinzi, uliza hapo hapo ngapi zinabaki hai kwenye 5 Hz, muuzaji mzuri atakuonyesha ukurasa.

Chaguo la pili ni kuongeza relai ndogo ya mkondo inayosoma kilele cha wimbi bila kujali frikwensi, pamoja na relai ya volteji kwenye nyutro isiyo na filta ya 50 Hz, zote zinawashwa na breka ya kuanzishia ikifungwa na zinazimwa breka kuu ikifungwa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kwa kuwa mkondo wa kuanzisha ni mdogo unaweza kuiseti chini hata ya mkondo wa kawaida wa mashine, kitu ambacho relai kuu huwezi kuifanyia. Ubaya ni waya za ziada, na kosa moja la lojiki, ikibaki imewashwa baada ya kusinkronaizi, itakutripia mashine, yaani itaikata, mara tu inapoanza kubeba mzigo.

Mi naona hivi. Kituo kipya chenye SFC, kama relai kuu ina kazi ya mkondo ya kuanzisha inayofika chini kiasi cha Hz mbili tatu na mtengenezaji ameiandika wazi, chaguo la kwanza linatosha na paneli inabaki safi. Kituo cha zamani kinachobadilishwa relai, au kituo chochote kinachotumia mgongo kwa mgongo, weka relai ndogo na usibishane na mtu wa bajeti, kwenye mgongo kwa mgongo kuna mashine mbili zinalisha shoti moja na hakuna konveta ya kuzima.

Na hata kwenye SFC kuna kitu watu wanakisahau. Konveta ina ulinzi wake mzuri, ikiona shoti inafunga thairista na umeme wake unakatika haraka sana. Ila mashine yenyewe bado inazunguka na bado ina eksaitesheni, inaendelea kulisha shoti iliyo ndani yake. Kwa hiyo amri ya kutripu lazima iende kwenye breka ya eksaitesheni pia, na kwenye mgongo kwa mgongo iende kwenye eksaitesheni za mashine zote mbili. Hilo likaguliwe kwenye mchoro, na lijaribiwe kwa mkono.

Athi ya stata: hamoniki ya tatu au injeksheni ya 20 Hz?

Hapa ndipo pesa inapobishaniwa zaidi. Zote mbili zinakamilisha ile asilimia 5 ya karibu na nyutro ambayo relai ya volteji haioni, ili tuseme tunalinda asilimia 100.

Hamoniki ya tatu inategemea mashine yenyewe kutoa volteji kidogo ya 150 Hz kwenye nyutro. Athi ikitokea karibu na nyutro ile volteji inapotea, relai inashtuka. Rahisi, VT (transfoma ndogo za kupima volteji) unazo tayari, hununui kitu kikubwa. Tatizo ni kwamba kiasi cha hiyo volteji kinabadilika na mzigo, na kwenye mashine yetu kinabadilika pia kati ya jenereta, pampu na kondensa. Kwenye kituo cha kawaida unapima kwa mizigo michache unaseti unaondoka. Hapa inabidi upime kwenye hali zote, na ukishapima unaweza kukuta kwamba thamani ya chini ya kawaida ukiwa pampu iko karibu mno na thamani ya hitilafu ukiwa jenereta, sasa uchague, iwe nyeti au iwe tulivu.

Injeksheni ni kitu kingine kabisa. Kuna chanzo kidogo cha 20 Hz kinaingiza volteji kupitia transfoma ya nyutro, relai inapima mkondo unaorudi na kukuandikia ukinzani wa stata kwenda athi kwa ohm. Haihitaji mashine izunguke. Imesimama inapima, jenereta inapima, pampu inapima, seti ni moja. Na kwa mashine inayowaka na kuzimwa mara kadhaa kwa siku, ndani ya pango lenye unyevu, kujua hali ya insuletari (kihami cha waya) kabla hujaiwasha ni kitu kikubwa mno, unaona ohm zinashuka wiki hadi wiki unaita watu wa matengenezo kabla haijawa hitilafu.

| Hali | Hamoniki ya tatu | Injeksheni ya 20 Hz |
|---|---|---|
| Imesimama | haioni kitu | inapima, inatoa ohm |
| 5 Hz | haioni | inapima |
| Karibu na 20 Hz | haiaminiki | lazima ifungwe, yaani inyamazishwe |
| Pampu, jenereta, kondensa | kila hali ina seti yake | seti moja |
| Vifaa | VT zilizopo | chanzo, filta, CT ndogo, majaribio ya ziada |

Angalia mstari wa tatu vizuri maana ndio uliotukosesha usingizi. Kwenye majaribio ya kituo kimoja, mashine ilikuwa inapanda kwa SFC vizuri kabisa, ikifika Hz 18 au 19 inatripu kwa athi ya stata. Tukaisimamisha, tukapima stata kwa meja (kipimo cha insuletari), safi. Tukawasha tena, ikatripu pale pale. Mara ya tatu tukaanza kufungua vifuniko vya njia za umeme kutafuta maji, watu wamechoka, saa nane usiku. Kumbe mashine ikipita 20 Hz inatoa 20 Hz yake yenyewe, na relai inashindwa kutofautisha ya mashine na ile inayoingizwa. Lojiki ya kuifunga ilikuwemo kwenye relai toka kiwandani ila waya wa taarifa kwamba SFC inafanya kazi haukuwa umefungwa. Waya mmoja.

Kwa hiyo injeksheni lazima ifungwe kwenye bendi inayozunguka 20 Hz, wakati wa kupanda na vilevile wakati wa kushuka kwa breki, na kwenye hiyo bendi mashine inabaki na relai ya volteji ya nyutro tu. Kwa 20 Hz relai ya volteji yenye seti ya asilimia 5 inaona karibu asilimia 87 ya waya, sio mbaya, mradi iwe haina filta ya 50. Unaona sasa kwa nini nasema usichague moja moja, kila kifaa kina shimo lake na lazima kingine kiwe kimesimama mbele ya hilo shimo.

Chaguo langu kwa mashine ya megawati 100 kwenda juu ni injeksheni bila kusita, na volteji ya nyutro isiyo na filta pamoja nayo. Mashine ndogo, au kituo ambacho kinaanzisha pampu mara moja kwa siku na kina wapimaji wa insuletari wenye bidii, hamoniki ya tatu inakubalika, ila ifungwe kabisa wakati wa kuanzisha na msidanganyane kwamba mna asilimia 100 muda wote.

Swichi ya kugeuza fezi: ndani ya zoni ya difarensho au nje?

Ili mashine izunguke upande wa pili, fezi mbili zinabadilishana nafasi kwa swichi maalum, mara nyingi kwenye upande wa volteji ya mashine kati ya breka na transfoma. Difarensho ni relai inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka kwenye zoni, yaani eneo lililo kati ya CT zake, ikiona tofauti inatripu. Swali linakuja, CT za difarensho ya transfoma ziwe upande gani wa hiyo swichi?

Ukiziweka upande wa transfoma, swichi inabaki nje ya zoni. Transfoma haijui kama kule chini ni pampu au jenereta, siku zote inaona mfuatano wa fezi wa gridi, relai haibadiliki milele. Ukiziweka upande wa mashine, swichi inaingia kwenye zoni, na ukiwa pampu fezi mbili kati ya tatu zitalinganishwa na fezi zisizo zao. Mikondo miwili sawa iliyopishana digrii 120 tofauti yake ni mara 1.73 ya mzigo. Sio kosa dogo la kusema itavumilika, inatripu papo hapo pampu inapobeba mzigo, isipokuwa relai imeambiwa ibadilishe fezi ndani kwa programu.

Sasa wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kuitoa swichi nje ya zoni zote, ya transfoma na ya mashine. Hapo umeacha kipande cha basibaa chenye swichi, ambayo ndiyo kifaa kinachotembea kuliko vyote kwenye ile njia, inafungwa na kufunguliwa kila siku, bila ulinzi wa haraka. Shoti ikitokea pale inasubiri relai ya akiba yenye kuchelewa.

Ninachopendekeza, na nimekitetea kwenye vikao vingi, ni hivi. Difarensho ya transfoma iiache swichi nje ya zoni yake, rahisi, isiyoguswa. Difarensho ya mashine iwe kati ya CT za nyutro na CT za mdomo wa mashine, nayo haijali mfuatano kwa sababu inalinganisha kila fezi na yenyewe. Halafu difarensho ya jumla inayofunika kutoka nyutro ya mashine mpaka volteji ya juu ya transfoma, swichi ikiwa ndani yake, na hii ndio peke yake ibadilishe fezi kwa programu. Ikitokea taarifa ya nafasi ya swichi imekosewa, unapoteza au unatripishwa na relai moja tu, na wakati wa kuchunguza unajua pa kuanzia.

Taarifa yenyewe ya nafasi ichukuliwe kwa kontakti mbili, moja inayofunga na moja inayofungua. Zikipingana, mashine isiruhusiwe kuwashwa. Na kubadilisha fezi ndani ya relai kukubaliwe tu mashine ikiwa imesimama na hakuna mkondo, isije ikabadilika katikati ya safari kwa sababu kontakti imetikisika.

Kundi la seti linalobadilika, au kazi mbili mbili?

Relai upande wa mashine zinahitaji kujua mfuatano, yaani mpangilio wa fezi. Relai ya mfuatano hasi (inayoona fezi zikikosa uwiano au zikiwa kinyume) ikiachwa kwenye mfuatano wa jenereta wakati mashine ni pampu, itauona mzigo wote kuwa ni mfuatano hasi, asilimia 100, wakati mashine ya poli za kutokeza, yaani rota yenye sumaku zilizochomoza kama hizi zetu, inavumilia muda wote kati ya asilimia 5 na 10 tu. Ya kupoteza eksaitesheni na ya mashine kuacha kwenda pamoja na gridi nazo zinapotea njia.

Njia ya kwanza ni makundi ya seti, kundi la jenereta, la pampu, la kondensa, na relai inahama kundi kwa amri kutoka kwa mfumo wa kuongoza mashine. Karatasi inakuwa safi, unasoma kundi moja kama kitabu. Hatari yake ni kwamba amri ikichelewa au ikikosewa kila kitu kimekosewa kwa pamoja, na relai nyingine zinachukua muda kidogo kuhama ambapo hazilindi.

Njia ya pili ni kundi moja lenye kazi zilizorudiwa, mfano pawa ya kurudi (umeme kuingia kwenye mashine) kwa jenereta na pawa ndogo (umeme unaovutwa kupungua mno) kwa pampu zote ziko ndani, kila moja inafunguliwa na hali yake. Karatasi inakuwa ndefu na mpimaji anachoka, lakini kosa la ishara moja linagusa kazi moja. Mi niko upande huu. Difarensho ya mashine na ya transfoma, athi ya stata kwa volteji ya nyutro, na mkondo wa relai kuu zisitegemee hali yoyote, ziwe hai daima. Zile chache zinazotegemea hali ndio zifunguliwe na kufungwa moja moja.

Orodha ya zinazotegemea hali sio ndefu ila kila moja ina sababu. Pawa ya kurudi ni hitilafu ukiwa jenereta na ndio kazi yenyewe ukiwa pampu. Pawa ndogo ukiwa pampu ni ya haraka, umeme ukikatika na maji ya mita 480 yako juu yako, tabaini inapunguza mwendo, inasimama na kugeuka ndani ya sekunde chache. Frikwensi ndogo ni ya pampu, gridi ikizidiwa pampu inatolewa kwanza kabla ya kuzimia watu taa, na tarehe 24 Julai 2021 Uhispania na Ureno zilipojitenga na gridi ya Ulaya, pampu zilikatwa kwa relai hizo. Ulinzi wa breka kufungwa kimakosa mashine ikiwa imesimama unaangalia mkondo bila volteji, na kuanzisha kwa SFC kunafanana na hivyo hivyo, kwa hiyo breka ya kuanzishia ikifungwa lazima ulinzi huo unyamazishwe.

Na breki ya umeme. Kwenye nusu ya mwendo hivi, stata inafungwa shoti makusudi, eksaitesheni inarudishwa, mkondo unaokaribia wa kawaida unapita mpaka mashine isimame. Relai ya impidansi inaona volteji sifuri na mkondo mkubwa, kwake hiyo ni shoti ya wazi. Ya mfuatano, ya eksaitesheni, zote zinyamazishwe kwa nafasi ya swichi ya breki. Difarensho ya mashine inategemea swichi iko wapi, kama iko nje ya CT za mdomo haina shida, mkondo unaingia na kutoka, kama iko ndani ya zoni inauona wote kama hitilafu. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kwenye mchoro, iweke nje, utajiokolea kunyamazisha relai yako bora kuliko zote.

Transfoma, kwa kifupi

Transfoma kuu mara nyingi inabaki imeungwa na gridi muda wote, breka ya mashine iko chini yake, kwa hiyo suala la mkondo wa kuwashia sio la kila siku, zuio la hamoniki ya pili la kawaida, linaloizuia difarensho isiudhanie mkondo huo kuwa shoti, linatosha. Buchholz (relai ya gesi kwenye mafuta ya transfoma), joto, athi ya upande wa juu, vyote kama ulivyozoea. Cha kuangalia ni matawi. Transfoma ya SFC na ya eksaitesheni zinachukua umeme kutoka kati ya swichi na transfoma kuu. SFC inaweza kuvuta asilimia 5 hadi 10 ya uwezo wa mashine, na kwenye kituo cha mashine nne SFC iliyo kwenye tawi la mashine ya kwanza ndiyo inayoanzisha ya tatu. Tawi hilo liwe na CT zake zinazoingia kwenye difarensho. Ukiona mchoro ambao tawi limesahaulika na mtu amepandisha seti ya difarensho ili isitripu, rudisha mchoro.

Relai kuu ya kwanza na ya pili ziwe za kampuni moja au mbili? Kwa kituo cha kawaida nasema moja, spea na mafunzo vinarahisika. Kwa pampu nasema mbili, kwa sababu kila kampuni ina tabia yake chini ya 10 Hz na mipaka yao ya kufuata frikwensi haifanani, kwa hiyo moja ikilala nyingine inaweza kuwa macho. Gharama ni kujifunza programu mbili.

Kama mashine ni ya kasi inayobadilika

Hapa sehemu ya niliyoandika juu inabadilika. Goldisthal kule Ujerumani ina mashine nne za megawati 265, mbili za kawaida na mbili ambazo rota yake ina waya za fezi tatu zinazolishwa na konveta, mwendo unacheza kati ya 300 na 346 kwa dakika. Zile mbili zinaanzishwa na konveta yao ya rota kwa hiyo SFC haihitajiki. Stata ikishaungwa inabaki 50 Hz, lakini tatizo la frikwensi ndogo limehamia kwenye rota, ambapo kawaida ni Hz chache tu muda wote wa kazi, sio dakika za kuanzisha tu. Athi ya rota iliyotengenezwa kwa umeme wa DC haifai pale, na relai ya kupoteza eksaitesheni ya kawaida haina maana. Ulinzi wa rota unanunuliwa pamoja na konveta, kwa muuzaji mmoja, na uandike kwenye tenda kwamba vipimo vya mkondo na volteji ya rota vifike pia kwenye kinasa matukio chako wewe, sio vibaki ndani ya kabati lake.

Grimsel 2 kule Uswisi wameenda mbali zaidi, tangu 2013 mashine moja ina konveta ya megawati 100 inayobeba nguvu yote. Hapo stata ndiyo inabadilika frikwensi muda wote na mkondo wa shoti kutoka upande wa konveta unabanwa na konveta yenyewe, hauendi mara tano. Relai ya mkondo iliyosetiwa kwa mazoea haitaamka. Kwa mashine ya aina hiyo difarensho inayofuata frikwensi ndiyo tegemeo, na injeksheni ya 20 Hz naiweka tu baada ya mtengenezaji kuniandikia ni mwendo gani mashine itakaa nao kwa muda mrefu, maana kama ni mwendo unaotoa frikwensi ya kukaribia 20, utakuwa umenunua relai ya kuifunga.